Uzi: Kupandisha mafaili ya tovuti kwa FTP, na jinsi ya kusoma logi pale inapogoma

#1 Fundi_Seva

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa kutoa tovuti kwenye kompyuta na kuiweka kwenye akaunti ya hosti (kampuni inayokukodishia nafasi kwenye seva) kwa programu ya FTP, yaani njia ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta na seva. Mifano nitaitoa kwa FileZilla, maana ni ya bure, ipo ya Windows, Linux na Mac, na akaunti nyingi za hosti zinazouzwa kwetu zina cPanel (paneli ya kusimamia akaunti kupitia kivinjari) ambayo haisumbuani nayo. Anayetumia WinSCP au Cyberduck atakuta vitufe vina majina mengine ila kazi ni ileile.

Niseme mapema: karibu kila kinachogoma kwenye FTP huwa kimeshaandikwa juu ya dirisha, kwenye logi, ile orodha ya ujumbe wa programu. Tatizo watu hawaisomi. Wanabonyeza upya, wanabadilisha nywila, wanafuta programu na kuiweka tena, na mstari unaosema kosa ni nini upo palepale mbele yao.

Kabla ya kufungua programu uwe na vitu vinne: anwani ya seva, jina la mtumiaji, nywila na namba ya poti (mlango wa mawasiliano kwenye seva). Vyote vipo kwenye barua pepe uliyotumiwa siku akaunti ilipofunguliwa. Anwani kwa kawaida ni ftp.jinalako.co.tz, lakini kama domeni ni mpya au bado haijaelekezwa kwenye seva hiyo, tumia jina la seva yenyewe au IP yake. Na kama domeni inapita Cloudflare (huduma inayokaa kati ya wageni na seva yako), rekodi ya "ftp" lazima iwe wingu la kijivu. Wingu la chungwa linapitisha trafiki ya wavuti tu, halipitishi FTP, kwa hiyo utasubiri hadi uchoke.

Jina la mtumiaji nalo linawapoteza wengi. Akaunti kuu ya cPanel ina jina fupi lisilo na alama ya @. Akaunti ya FTP uliyoiongeza mwenyewe ndani ya cPanel jina lake ni refu, mfano fundi@jinalako.co.tz, na lazima uliandike lote. Ukiandika "fundi" peke yake unapata kosa la 530, yaani jina au nywila imekataliwa.

Fungua Site Manager kwa Ctrl+S, bonyeza "New site". Protocol weka FTP, Encryption weka "Require explicit FTP over TLS" (TLS ni usimbaji, yaani kuficha data ikiwa njiani), poti iache wazi (yenyewe itatumia 21). Usitumie ile Quickconnect ya juu kwa kazi ya kudumu, maana haikupi nafasi ya kupanga mambo haya. Bonyeza Connect. Mara ya kwanza italeta cheti cha seva na kuuliza kama unakiamini. Soma jina lililoandikwa humo. Kwenye seva ya pamoja cheti mara nyingi kina jina la seva ya kampuni, si la domeni yako, na hapo hakuna ubaya ilimradi jina hilo ndilo lililo kwenye barua pepe yako.

Ukishaingia, kushoto ni kompyuta yako, kulia ni seva. Ingia public_html KWANZA. Kwenye Plesk (paneli nyingine kama cPanel) folda hiyo inaitwa httpdocs, na kuna hosti nyingine zinaiita htdocs au www. Mafaili yakikaa nje ya folda hiyo hakuna mgeni atakayeyaona. Kisha upande wa kushoto ingia NDANI ya folda ya tovuti yako mpaka uone index.html au index.php, chagua vyote kwa Ctrl+A, buruta kulia. Ukiburuta folda yenyewe badala ya vilivyomo ndani, tovuti itafunguka kwenye jinalako.co.tz/tovuti na ukurasa wa mbele utabaki ule wa kampuni ya hosti.

Ikimaliza, angalia vichupo vitatu vya chini. "Failed transfers" kikiwa na namba, kazi haijaisha. Bonyeza kulia humo, chagua "Reset and requeue all", halafu "Process Queue".

#2 mwanahewa

Asante mkuu. Mimi inaingia vizuri, inaandika "Logged in", halafu inakwama kwenye "Retrieving directory listing" na baadaye inaleta "Connection timed out after 20 seconds of inactivity". Nywila ni sahihi, nina uhakika. Natumia hotspot ya simu.

#3 BintiPoti

mwanahewa, nywila yako haina kosa, iache. FTP inatumia njia mbili tofauti. Ya kwanza ni ya amri, poti 21, na hiyo umeshapita. Ya pili ni ya data, inafunguliwa upya kila unapoomba orodha ya folda na kila unapotuma faili. Wewe umekwama kwenye hiyo ya pili.

Kuna namna mbili za kuifungua. Kwenye active, seva ndiyo inayorudi kukufuata kwenye kompyuta yako. Ukiwa nyuma ya ruta au laini ya simu seva haiwezi kukufikia, kwa sababu IP yako ya nje mnaitumia wateja wengi kwa pamoja. Kwenye passive, wewe ndiye unayeifuata seva. Kwa hiyo Edit, Settings, Connection, FTP, chagua "Passive". Kisha kwenye Site Manager, kichupo cha "Transfer Settings", nako weka Passive, kwa sababu mpangilio wa tovuti husika unaushinda ule wa jumla.

Kama tayari ni passive na bado inakwama, tazama logi. FileZilla mambo yakienda sawa inaandika kwa kifupi, yakiharibika inamwaga amri na majibu yote. Tafuta mstari wa 227. Utaona namba sita kwenye mabano: nne za kwanza ni IP, mbili za mwisho ni poti. Zidisha ya tano kwa 256, ongeza ya sita. Zikiwa 195,80 basi 195 × 256 ni 49,920, jumlisha 80 unapata 50,000. Hiyo ndiyo poti ambayo kompyuta yako inajaribu kuifungua. cPanel kwa kawaida hutumia poti za 49152 hadi 65534. Ukiwa kwenye mtandao wa ofisi au chuo, fayawoli yao huruhusu poti chache tu, na hizi za juu zimefungwa. Jaribu kwa mtandao mwingine. Ikikubali huko, umeshajua kizuizi kipo wapi. Ikigoma kwenye mitandao yote miwili, mwandikie mwenye seva na umwambie hivi: "poti za passive hazifunguki, jibu la 227 linanipa poti 50000". Ujumbe wa namna hiyo hujibiwa haraka kuliko "FTP haifanyi kazi".

#4 Fundi_Seva

BintiPoti kamaliza. Niongeze kitu kwa watakaokutana na "425 Unable to build data connection". Ikija na maneno "TLS session of data connection not resumed", mtandao wako hauhusiki. Seva inataka njia ya data itumie kikao kilekile cha usimbaji cha njia ya amri. Weka toleo jipya la programu ya FTP. La zamani ndilo linalogoma hapo.

Namba nyingine za kukaa nazo kichwani: 530 ni jina au nywila. 550 ni ama njia haipo, ama huna ruhusa. 552 ni nafasi ya akaunti imejaa. 421 ni miunganisho imezidi. "ECONNREFUSED" iliyokuja ghafla baada ya kukosea nywila mara kadhaa ni seva kukufungia IP. Ukitaka kuhakikisha, washa mtandao mwingine ujaribu. Kufungiwa huko mara nyingi hujiondoa baada ya muda, au hosti wanakufungulia ukiwapa IP yako.

#5 Kijana_wa_Kodi

Naomba niongeze mtego wa cPanel ambao unarudi kila wiki. Ukitengeneza akaunti ya FTP kwenye cPanel, kuna kisanduku cha "Directory" ambacho hujijaza chenyewe, na mara nyingi kinaishia na jina la akaunti yenyewe, kitu kama public_html/fundi. Ukikiacha hivyo, akaunti hiyo ikiingia inaona folda tupu na inaamini hapo ndipo mwanzo wa seva, kwa sababu imefungiwa humo. Mtu haoni public_html, anaitengeneza mwenyewe, anapandisha kila kitu, programu inamwambia imefanikiwa, na tovuti haionekani. Ukweli ni kwamba mafaili yapo public_html/fundi/public_html.

Rekebisha hivi: futa akaunti ya FTP bila kufuta mafaili (cPanel inakupa chaguo zote mbili, soma kabla ya kubonyeza), itengeneze upya na kisanduku kikiwa na public_html pekee. Ukiingia sasa, "/" unayoiona ndiyo public_html yenyewe, kwa hiyo usitafute nyingine ndani.

Na mwenye domeni ya nyongeza kwenye akaunti ileile, folda yake huenda haipo ndani ya public_html kabisa. Fungua "Domains" kwenye cPanel, safu ya "Document Root" inakuonyesha ni ipi.

#6 dada_Neema_wa_wavuti

Habari za humu. Mimi nina WordPress niliyoijenga kwenye XAMPP (seva ya majaribio ndani ya kompyuta yangu). FileZilla inanionyesha maelfu ya mafaili kwenye foleni na yanaenda taratibu sana, ingawa spidi ya intaneti ni nzuri. Bando linaisha na kazi haijaisha. Na je, nikishapandisha yote itafunguka?

#7 BintiPoti

Dada Neema, spidi ya intaneti hapo haina la kufanya. Kila faili, hata la KB 1, lina mazungumzo yake: omba poti, fungua njia ya data, patana usimbaji, tuma, subiri jibu la 226 (faili limefika). Hesabu kama safari tano za kwenda na kurudi. Seva ikiwa Ulaya, na safari moja ikichukua milisekunde 200, ni sekunde nzima kwa faili moja. Mafaili 3,000, yakienda mawili mawili kama FileZilla inavyofanya usipoibadilisha, ni dakika 25 za kusubiriana tu, kabla hujahesabu uzito wa mafaili yenyewe. Ni sawa na kushusha matofali kwenye lori moja moja.

Dawa ni zipu. Bana folda yote iwe faili moja, lipandishe hilo moja kwa FTP, kisha fungua File Manager ya cPanel, bonyeza kulia juu yake, "Extract". WordPress yenyewe ikibanwa iko kati ya MB 20 na 30, na hilo linaenda kwa mkondo mmoja bila kusimama. Likikatika katikati, FileZilla inaweza kuendelea pale lilipoishia ukichagua "Resume", kitu ambacho kinaokoa bando. Baada ya kufungua, futa zipu. Zipu iliyobaki kwenye public_html inaweza kushushwa na yeyote anayelijua au kulibahatisha jina lake, pamoja na nywila zako za kanzidata zilizomo ndani. Mwenye Mac afute pia folda ya __MACOSX inayojitokeza.

Kama hosti haina File Manager, ongeza idadi ya kutuma kwa pamoja: Settings, Transfers, "Maximum simultaneous transfers". Kikomo ni 10, lakini weka 4 au 5. Seva nyingi zinaruhusu miunganisho 8 kwa IP moja, na FileZilla inatumia mmoja zaidi kuperuzi folda. Ukizidisha unapata "421 Too many connections", na mafaili yanaanza kuanguka kwenye "Failed".

#8 Fundi_Seva

Na swali la pili la dada Neema: hapana, haitafunguka bado. FTP inabeba mafaili tu. Makala, kurasa na mipangilio ya WordPress vipo kwenye kanzidata ya MySQL, na hiyo haimo kwenye htdocs, folda ya tovuti ya XAMPP.

Kwenye XAMPP fungua phpMyAdmin, chagua kanzidata, "Export", upate faili la .sql. Kwenye cPanel tengeneza kanzidata mpya na mtumiaji wake, mpe mtumiaji huyo ruhusa zote juu ya kanzidata hiyo, kisha ingiza .sql kupitia phpMyAdmin ya huko. Hariri wp-config.php: DB_NAME, DB_USER na DB_PASSWORD. Majina ya cPanel yana kiambishi cha akaunti mbele, kwa mfano jinala_wp, nayo yaandikwe yote. DB_HOST kwa kawaida inabaki localhost.

Kinachobaki ni anwani. Kanzidata imejaa http://localhost/tovuti. Usifungue .sql kwenye Notepad ukafanya "badilisha zote". WordPress inahifadhi baadhi ya mipangilio pamoja na hesabu ya urefu wa kila neno, na ukibadilisha neno bila kubadilisha hesabu, mipangilio hiyo inasomeka kama imeharibika. Wijeti zinapotea, mandhari inarudi mwanzo. Tumia zana inayojua hesabu hizo, kama amri ya search-replace ya WP-CLI (zana ya kuiendesha WordPress kwa amri) au programu-jalizi ya kuhamisha tovuti.

#9 Kijana_wa_Kodi

Kwa wenye tovuti za HTML na PHP za kawaida: picha inaonekana kwenye kompyuta, kwenye seva haionekani. Asilimia kubwa ni herufi kubwa na ndogo. Windows haijali, Linux inajali. Kwenye kodi umeandika picha/duka.jpg, kamera imehifadhi Duka.JPG, basi kwa seva hayo ni mafaili mawili tofauti na moja halipo. Yape mafaili yote majina ya herufi ndogo, bila nafasi, tumia kistari. Nyingine ni njia inayoanzia C:/xampp/htdocs iliyosahaulika ndani ya kodi. Itafute kwenye folda nzima kabla ya kupandisha.

Ruhusa: folda 755, mafaili 644. Bonyeza kulia upande wa seva, "File permissions", andika 755, weka tiki "Recurse into subdirectories" na "Apply to directories only". Rudia kwa 644 na "Apply to files only". Kuna ushauri unazunguka mitandaoni wa kuweka 777 (kila mtu aruhusiwe kuandika) kila kitu kikigoma. Usiufuate. Kwenye seva nyingi za pamoja PHP inaendeshwa kwa jina la akaunti yako, na faili la PHP ambalo mtu mwingine yeyote anaweza kuliandika linakataliwa makusudi, unapata kosa la 500. Pale linapokubalika ndipo hatari zaidi.

#10 mwanahewa

Passive imekubali, nashukuru BintiPoti. Swali jingine: nikibadilisha ukurasa mmoja inaniuliza faili lipo tayari nifanye nini. Nimeweka "Overwrite if size differs" iwe ya kudumu ili isiniulize tena. Ila kuna mabadiliko hayaendi.

#11 Fundi_Seva

Ndiyo maana hayaendi. Ukibadilisha bei kutoka 5,000 kwenda 6,000, idadi ya baiti haijabadilika hata moja. Programu inaona ukubwa ni uleule, inaliruka. Tumia "Overwrite if source newer", au kwa mafaili machache "Overwrite" moja kwa moja. Ukitumia ile ya muda, hakikisha saa ya kompyuta iko sawa. Seva ikionyesha muda unaotofautiana kwa masaa kamili, Site Manager ina sehemu ya kurekebisha tofauti ya saa kwenye kichupo cha "Advanced".

Tovuti ikiwa tayari ina wageni, panga mfuatano pia. Picha, CSS na JavaScript vitangulie, kurasa za HTML na PHP zifuate, index iwe ya mwisho. Ukianza na index, mgeni anayeingia dakika hiyo anaona ukurasa mpya unaoita mafaili ambayo hayajafika. Kwa mabadiliko makubwa kuna njia safi zaidi: pandisha kila kitu kwenye folda mpya iliyo pembeni ya ile ya sasa, kisha badilisha majina. Kubadilisha jina kwenye seva hakuhamishi data, ni papo hapo, na ya zamani inabaki ukitaka kurudi nyuma.

Na "Transfer type" iwe Binary. Ile ya Auto inachukulia mafaili ambayo jina halina mwisho kama .txt au .jpg kuwa ni maandishi na inabadilisha alama za mwisho wa mstari. Kwa faili ambalo si maandishi, huo ni uharibifu.

#12 mlinzi_wa_folda

Niseme la usalama, maana uzi umeligusa kwa juu. FTP ya kawaida ni ya zamani sana, maelezo yake ya kwanza yaliandikwa 1971 na yale tunayotumia hadi leo ni ya 1985. Wakati huo usimbaji haukuwemo. Jina na nywila vinapita wazi, na aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe akiwa na zana anavisoma. Ndiyo maana Fundi kaweka "Require explicit". Ile ya "if available" inakubali kurudi kwenye njia wazi kimyakimya seva isipokuwa na usimbaji.

SFTP ni kitu kingine kabisa licha ya jina kufanana. Inapita SSH (njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye seva), poti 22, njia moja tu, kwa hiyo yale masaibu ya passive hayapo. Kama hosti wanakupa, itumie. Kwenye cPanel inafanya kazi kwa akaunti kuu, na SSH iwe imewashwa. Zile akaunti za FTP za kuongeza hazina.

Nywila ulizohifadhi kwenye FileZilla zipo kwenye sitemanager.xml, na zimegeuzwa kwa base64 tu, ambayo yeyote anaigeuza kwa sekunde. Virusi vya kuiba nywila vinalijua faili hilo. Nenda Settings, Interface, Passwords, chagua "Save passwords protected by a master password". Kwenye kompyuta ya pamoja chagua kutohifadhi kabisa.

Na msipandishe vitu visivyo vya wageni: .git (historia ya kodi), node_modules (maktaba za kujengea), .env (nywila na siri), chelezo za .sql. Vikitakiwa kwenye seva, vikae nje ya public_html.

#13 Mzee_wa_Terminali

Kwa wanaopandisha mara kwa mara, lftp (programu ya FTP ya kuandika amri) inafanya kazi hiyo kwa mstari mmoja:

lftp -u fundi@jinalako.co.tz -e "set ftp:ssl-force true; mirror -R --only-newer --parallel=4 -x ^\.git/ ./tovuti /; quit" ftp.jinalako.co.tz

-R ndiyo inayogeuza mwelekeo, kutoka kwako kwenda seva. Ukiisahau, inashusha kutoka seva kuja kwenye kompyuta yako. Anza kwa kuongeza --dry-run, uone itakachofanya. --delete usiiweke mpaka umeona orodha hiyo kwa macho yako, kwa sababu inafuta kwenye seva kila kisichokuwepo kwako, pamoja na picha ambazo wateja wamezipandisha wenyewe.

#14 dada_Neema_wa_wavuti

Tovuti imefunguka, asanteni sana. Zipu nimeshaifuta. Kimebaki kimoja: rangi nimebadilisha kwenye style.css, kwenye seva upande wa kulia naona tarehe na ukubwa mpya, lakini kwenye simu bado naona rangi za zamani.

#15 BintiPoti

Tarehe na ukubwa vikiwa vipya upande wa kulia, FTP imeshamaliza kazi yake. Hiyo ni kache, yaani nakala ya zamani iliyohifadhiwa. Kwenye kompyuta jaribu Ctrl+F5. Kama una programu-jalizi ya kache kwenye WordPress, au hosti wanatumia LiteSpeed, isafishe kutoka kwenye dashibodi, na ya Cloudflare pia kama ipo. Kwa wageni ambao huwezi kuwabonyezea vitufe, badilisha anwani ya faili pale inapoitwa: style.css iwe style.css?v=2. Kivinjari kinaliona kama faili jipya na kulishusha upya. Ukibadilisha tena, weka v=3.